Funzo la Wajapani kwa Watoto wa Ziwani

Tarehe 15 Septemba, 2025, mjini Tokyo, Ndugu Alphonce Simbu alifika mwisho wa mbio za marathoni za dunia sambamba na Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue. Picha ilionyesha kwamba Mtanzania alitangulia kwa sekunde 0.03, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya dhahabu kwa nchi yetu katika mashindano ya dunia ya riadha. Wajapani si wageni wa wakimbiaji wetu. Wazee wao wanamkumbuka Juma Ikangaa, askari wa jeshi letu, aliyeshinda Tokyo mwaka 1984 na tena 1986, akashinda na Fukuoka mwaka huo huo wa 1986.

Mwanza na visiwani tulifurahi kama walivyofurahi Watanzania wote. Hata hivyo, shangwe zikishatulia, mtu mwenye busara hujiuliza amejifunza nini safarini. Tokyo imetupa medali. Je, nchi ile haina jambo jingine la kutupa? Sisi tunaona kwamba inalo, nalo ni jibu la swali ambalo viongozi wetu wa michezo na wa elimu bado hawajalijibu sawasawa: michezo ni kwa ajili ya nani, na ni kwa ajili ya nini?

Kwa Wajapani, mchezo tangu zamani umekuwa sehemu ya malezi. Jigoro Kano, mwalimu aliyeanzisha judo mwaka 1882, hakuianzisha ili watu waangushane tu, bali iwe njia ya kumjenga binadamu mwili na tabia kwa pamoja. Mtu huyo ndiye Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwaka 1909. Wala Wajapani hawakuona haya kuchukua kwa wageni kilicho chema. Besiboli waliipokea kwa mwalimu wa Kimarekani katika miaka ya 1870, wakaifanya yao hata ikawa mchezo mkubwa wa shule zao. Mwaka 2018, walipofungwa na Ubelgiji mabao 3 kwa 2 katika Kombe la Dunia, wachezaji wao walisafisha chumba chao cha kubadilishia nguo, wakaacha na karatasi ya shukrani kwa Kirusi. Dunia ilishangaa, ingawa haikutupasa sisi kushangaa mno. Kule watoto husafisha shule zao wenyewe. Na mtoto gani wa Ukerewe hajawahi kwenda shuleni na fagio mkononi?

Lakini liko jambo jingine la Wajapani ambalo halisimuliwi sana hapa kwetu, nalo linatugusa sisi watu wa ziwani kuliko fagio na kuliko medali.

Tarehe 11 Mei, 1955, kivuko kiitwacho Shiun Maru kiligongana na meli nyingine katika ukungu, karibu na bandari ya Takamatsu, katika bahari inayotenganisha visiwa vikubwa vya nchi hiyo. Watu 168 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi 100 waliokuwa katika safari za shule, na wengi wa wanafunzi hao walikuwa wasichana.

Msomaji azingatie kwamba Japani ya wakati ule haikuwa nchi isiyojua kuogelea. Katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932, wanaume wa Kijapani walitwaa medali tano za dhahabu kati ya sita zilizoshindaniwa katika kuogelea, na mmoja wao, Kusuo Kitamura, alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Mwaka 1936 mwanamke wao Hideko Maehata alishinda dhahabu mjini Berlin. Taifa lilikuwa na mabingwa wa maji wa dunia, na bado watoto wake walizama wakiwa ndani ya sare za shule. Medali za mabingwa hazikumwokoa hata mtoto mmoja.

Hapo ndipo Wajapani walipobadili fikira. Kilio cha wazazi kilikuwa hoja ya taifa zima. Shule, moja baada ya nyingine, zikajenga mabwawa ya kuogelea, na kuogelea kukawa sehemu ya somo la mazoezi ya viungo kwa kila mtoto, mwepesi na mzito, wa kiume na wa kike. Baadaye shule nyingi zikaongeza zoezi la kuelea ukiwa umevaa nguo na viatu, kwa sababu ajali haimngoji mtu avue. Mtoto hufundishwa kulala chali juu ya maji, kutulia, na kungoja msaada. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1955 Japani haikuwa tajiri kama leo. Ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu nchi hiyo ishindwe vitani. Siku hizi baadhi ya shule zinafunga mabwawa yaliyochakaa na kuwapeleka watoto katika mabwawa ya nje, lakini somo lenyewe hawakulifuta. Na juu ya bahari ile ile ya msiba, baada ya miaka 33, lilifunguliwa Daraja Kuu la Seto, mwaka 1988.

Sasa tujitazame wenyewe. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Bwiru, ikiwa inakaribia kabisa kumaliza safari yake. Watu waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na makaburi ya Igoma ni shahidi. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kivuko hicho kilijengwa kubeba watu 101; waliokufa peke yao walizidi 220. Walizama mbele ya macho ya ndugu zao waliokuwa wakiwangoja ufukweni.

Hatusemi kwamba Serikali imekaa bure. Tarehe 19 Juni, 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na maelfu ya watu sasa wanavuka bila kukanyaga kivuko. Wajapani walijenga daraja, nasi tumejenga. Wajapani, hata hivyo, walifundisha watoto kwanza, na daraja likafuata. Sisi daraja tunalo, watoto je? Wala daraja halitafika Ukara, wala Irugwa, wala Goziba. Mtoto wa huko atavuka maji kwenda shule, kwenda hospitali na kwenda sokoni maisha yake yote.

Tunajua pia, na ni lazima tuseme, kwamba kuogelea peke yake kusingewaokoa wote. Aliyefungiwa ndani ya meli iliyopinduka hana pa kuogelea. Ujazaji wa abiria kupita kiasi ni kosa la wenye mamlaka, na kosa hilo lisifichwe nyuma ya somo la kuogelea. Lakini ajali kubwa ndizo zinazoandikwa magazetini. Mtumbwi unaopinduliwa na upepo wa usiku, mtoto anayeteleza akichota maji, mama anayesombwa na wimbi akiosha dagaa mwaloni, hao huzikwa na jamaa zao na habari ikaishia hapo. Hao ndio ambao kujua kuelea kwa dakika chache kungewarudisha nyumbani.

Wako watakaosema kwamba mtu wa kisiwani huzaliwa akijua maji. Hilo si kweli. Mvulana hujifunza mwenyewe kwa kuiga wenzake, na wengine hufa wakijifunza. Msichana mara nyingi hubaki ufukweni na ndoo. Tena mialo yetu imejaa watu waliotoka bara kuja kutafuta riziki ya sangara na dagaa, ambao ziwa walilikuta ukubwani. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wako watakaouliza fedha za mabwawa zitatoka wapi ilhali madawati hayatoshi. Swali hilo ni la haki. Lakini Bangladesh, nchi isiyo tajiri, inafundisha watoto kuogelea katika madimbwi ya vijijini, ndani ya vizimba vya mianzi vyenye sakafu, ili mtoto asipite kina kinachomfaa. Nani hapa kwetu asiyejua kizimba? Tunafuga samaki ndani ya vizimba katika ziwa hili hili. Kama tunaweza kumlinda samaki asitoroke, tunaweza kumlinda mtoto asizame. Kichocho na mamba ni hatari za kweli. Kwa hiyo mahali pachaguliwe na wataalamu wa afya na wazee wenyeji, mbali na matete na konokono, na dawa za kichocho zinazotolewa mashuleni ziende pamoja na somo. Mkoani kwetu shirika la EMEDO tayari linaendesha mradi wa kuzuia vifo vya kuzama ziwani. Kazi hiyo isiachiwe shirika moja.

Katika kujifunza kwa Wajapani, hata hivyo, tusichukue kila kitu kwa mikono miwili. Julai 28, 1955, miezi miwili tu baada ya msiba wa Shiun Maru, wasichana 36 wa shule moja ya mji wa Tsu walikufa maji baharini wakiwa katika somo lenyewe la kuogelea. Maana yake ni kwamba mwalimu hutangulia mwanafunzi. Tena michezo yao imekuwa na fimbo nyingi. Mwaka 2012 mwanafunzi mmoja wa Osaka, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu, alijiua baada ya kupigwa na kocha wake, na mwaka uliofuata kocha wa timu ya taifa ya judo ya wanawake alijiuzulu kwa sababu ya malalamiko ya wachezaji kwamba aliwapiga. Mtoto anayemwogopa mwalimu ataogopa na maji. Fimbo ibaki nchi kavu, na ikiwezekana isiwepo kabisa.

Mwaka 2018 tena, mjini Maizuru, meya alianguka ndani ya ulingo wa mieleka ya sumo. Wanawake waliokimbia kumwokoa waliamriwa watoke ulingoni, kwa kuwa desturi haimruhusu mwanamke kupakanyaga. Wakuu wa sumo waliomba radhi baadaye. Tunalitaja hili kwa sababu hata kwetu kuna wanaoona kwamba si heshima binti kuingia majini. Heshima ina dawa yake: kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamejistiri kwa mavazi yanayofaa. Desturi hutunzwa kwa kumtunza mtoto wa kuirithi.

Na kuhusu wageni, Wajapani si malaika. Agosti 2025, katika mkutano wa TICAD huko Yokohama, shirika la JICA liliutangaza mji wa Nagai kuwa kama nyumbani kwa Tanzania, kuendeleza urafiki uliozaliwa na maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Baadhi ya magazeti ya Afrika yaliandika kana kwamba tumepewa mji mzima. Huko kwao ukaenea uvumi kwamba wahamiaji watamiminika. Simu za hasira zikafurika katika ofisi za miji iliyohusika. Tarehe 25 Septemba mpango ukafutwa, siku kumi tu baada ya Simbu kushinda katika nchi hiyo hiyo. Kushangiliana kiwanjani si kujuana. Nasi watu wa magazeti tuna sehemu yetu ya lawama. Basi tujifunze kwa Wajapani kama mtu mzima ajifunzavyo kwa jirani: achukue mbegu, aangalie udongo wa shamba lake, ndipo apande.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya kwa wakuu wetu wa Mkoa, Wilaya na Halmashauri. Kwanza, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilicho ndani ya mkoa huu, kiombwe kuandaa walimu wa kuogelea na kuokoa watu majini, na nafasi za kwanza wapewe walimu wanaofundisha visiwani. Pili, katika somo la Sanaa na Michezo, shule za visiwani na za ufukweni zianze na kuelea kabla ya jambo jingine lolote. Tatu, kila Halmashauri ya ziwani ijaribu kizimba kimoja, kwa ushirikiano na BMU na wazazi, ili tuone kwa macho gharama na faida yake kabla ya kusema haiwezekani. Nne, katika michezo ya UMITASHUMTA mkoani kwetu, watoto wa ziwani wapewe nafasi ya kuonyesha kuelea na kuokoana, wapigiwe makofi kama wapigiwavyo wafungaji wa mabao.

Ndugu zetu wa visiwani nao wasingoje barua ya Serikali. Mzazi anayejua maji na amfundishe mwanawe wa kike kama anavyomfundisha wa kiume, mchana, karibu na ufuko, mkono wake ukiwa chini ya mgongo wa mtoto.

Tunamtakia Ndugu Simbu medali nyingine nyingi. Lakini Wajapani walikuwa na medali nyingi za maji kabla ya mwaka 1955, na hawakuona lililopungua mpaka walipozika watoto 100. Sisi tumekwisha kuzika, Igoma na Bwisya. Hatuna sababu ya kungoja mazishi ya tatu.