Kambove: kondo la nyuma lisitupwe kabla ya kupimwa

Mama anapojifungua, mkunga huangalia kama kondo la nyuma limetoka lote, kisha jambo hilo linahesabiwa kuwa limekwisha. Katika vituo vingi vya afya nchini, linatupwa ndani ya shimo nyuma ya maternite. Hiyo nyama ya karibu nusu kilo ilikuwa mapafu, figo na ini la mtoto kwa miezi mingi. Katika nchi ya migodi kama Kambove, kuitupa bila kuiuliza lolote ni kutupa ushahidi.

Kondo la nyuma si mlango wa kupitishia chakula tu. Tangu karibu mwezi wa tatu wa mimba, ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya projesteroni, homoni inayotuliza tumbo la uzazi ili lisisukume mtoto kabla ya wakati. Linatoa estrojeni pia. Homoni hizo zinafanya kazi kwa kushikana na vipokezi vilivyo ndani ya seli, kama ufunguo na kufuli. Tena kuna kimeng'enya kinachopunguza nguvu ya kortisoli ya mama, homoni ya mahangaiko, isimfikie mtoto kwa wingi.

Ubaya ni kwamba kuna madini yanayojua kuiga ufunguo. Katika maabara, kadimi, kobalti na nikeli zimeonekana zikiamsha kipokezi cha estrojeni pasipo estrojeni yenyewe. Kadimi hujikusanya katika kondo la nyuma, na imeonekana ikidhoofisha kile kimeng'enya cha kumkinga mtoto. Ni kweli, seli za maabara si mama wa Kambove. Lakini kobalti haiko maabara tu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, mkojo wa watu 351 wa Katanga ulipimwa: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto waliwapita wakubwa.

Halafu kuna utafiti wa Lubumbashi, uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, na kutangazwa mwaka 2020. Kati ya Machi 2013 na Februari 2015, walilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho na wengine 108 wasio na kasoro. Walipima damu na mkojo wa mama, damu ya kitovu na kondo lenyewe. Jambo lililohusiana zaidi na kasoro hizo halikuwa kobalti katika mwili wa mama. Lilikuwa kazi ya baba: uwezekano wa kasoro ulikuwa mara 5.5 zaidi kwa mtoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusu madini. Manganisi nyingi upande wa mtoto wa kondo la nyuma nayo ilihusiana na hatari, na wataalamu wenyewe wamekubali kwamba sababu yake haijaeleweka. Mama waliokunywa vitamini wakati wa mimba walikuwa na hatari ndogo.

Makampuni yatasema kwamba uhusiano si uthibitisho. Ni sawa, na ndiyo sababu inafaa kupima zaidi. Lubumbashi ni mji mkubwa wenye kazi za kila aina. Kambove imeishi kwa shaba tangu enzi za Union Minière, na baba wengi wanarudi nyumbani na vumbi katika nguo, nguo ambazo mke mwenye mimba ndiye anayezifua.

Pesa ya kazi hii haihitaji kuombwa Ulaya. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inapatia miji, mitaa, sekta na usheferi wenye migodi asilimia 15 ya ushuru wa madini, na inadai makampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye mgodi analipa madhara aliyoletea watu hata bila kosa lake. Lakini mzazi wa Kambove atadai nini ikiwa hakuna kipimo hata kimoja kilichoandikwa?

Maabara ya chuo kikuu iko Lubumbashi, barabara ni ile ya kila siku. Kipande kidogo cha kondo kinatosha. Mama aulizwe kwanza, na jamaa wanaozika kondo kwa desturi yao warudishiwe lililobaki. Wakati majibu yakingojewa, vitamini visikosekane katika CPN, na kila kampuni ijenge mahali pa kuoga na kufulia nguo za kazi, ili vumbi la mgodi libaki mgodini.