Seva ya Malipo Isiwashwe kwa Pupa

Siku hizi mwananchi wa Unguja anayedaiwa ada na Serikali halazimiki kubeba fedha taslimu hadi dirishani. Hupewa namba ya malipo ya mfumo wa ZanMalipo, akalipa benki au kwa simu yake. Hayo ni maendeleo, nasi tunayaunga mkono. Lakini nyuma ya namba hiyo ipo kompyuta iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kupokea miamala na kuikamilisha. Afisi nyingine nazo zinajitayarisha kuwa na seva kama hizo, na khofu yetu ni kwamba siku ya uzinduzi hupangwa mapema kuliko siku za majaribio.

Yafaa ieleweke muamala ni kitu gani. Mkulima wa Donge anapolipa, fedha hutoka katika hesabu yake na kuingia katika hesabu ya Serikali. Ama yatimie yote mawili, ama lisitimie hata moja. Likitimia la kwanza pekee, mtu huyo amenyang'anywa haki yake na hakuna mnyang'anyi wa kumshitaki. Ndiyo maana seva huandika kila hatua katika daftari lake kabla ya kuigusa hesabu yoyote. Umeme ukikatika, inapowashwa tena hulisoma daftari hilo: yaliyothibitishwa huyakamilisha, yaliyoachwa njiani huyatangua. Hubakia miamala yenye shaka, ambayo benki au kampuni ya simu haijaitolea jawabu. Hiyo haikisiwi, huulizwa huko huko ilikotoka.

Kwetu visiwani habari za umeme kukatika si hadithi. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarejea, baada ya kuharibika njia ya umeme itokayo bara hadi Fumba. Waya mpya wa megawati 100 ulipatikana mwaka 2013, lakini fundi anayepanga seva kana kwamba umeme haukatiki ameanza kazi vibaya.

Daftari la miamala lisiwekwe katika diski ile ile yenye hesabu. Muda wa kungojea jawabu la benki upangwe kwa kupima, si kwa kunakili mpango wa nchi nyingine. Wakati wa kuwasha, hifadhi ya hesabu itangulie, kisha msimamizi wa miamala, kisha programu zinazohudumia, na mlango wa wateja ufunguliwe mwisho kabisa. Wengi huufungua mwanzo, kwa pupa. Na kabla ya hapo umeme ukatwe makusudi, malipo ya majaribio yakiwa njiani, ionekane kitakachotokea.

Nchi hii ina kumbukumbu yake. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya hesabu za Serikali kwenda mrama. Ilichukua miaka mingi imani kurejea.

Tunawataka wakuu wa afisi zinazohusika watoe pia maelekezo ya maandishi, kwa Kiswahili, kwa makarani wa madirishani: mwananchi akija na ujumbe wa benki unaoonesha amekatwa fedha, na mfumo ukawa hauna risiti yake, aandikwe na nani, na ajibiwe baada ya siku ngapi.