Amana Haiuzwi

Kila anayeishi Tumbe anaujua mnada wa samaki. Dalali humsifu samaki wake kwa sauti kubwa, lakini mnunuzi hakatazwi kumfunua matamvua, kumbonyeza na kumnusa. Dalali akimsifu samaki aliyeoza, aibu humpata papo hapo, na kesho hana wa kumsikiliza.

Wako madalali wengine wanaotufikia kwa simu na redio: wachezaji na wasanii wanaotangaza kampuni za kubeti. Hawa husifu kitu ambacho mnunuzi hawezi kukifunua. Kijana wetu hazijui hesabu za kampuni. Anachokijua ni uso anaoupenda. Ndiyo maana kampuni inaulipia uso ule.

Mifano tunayo. Mwaka 2017 jina la SportPesa liliingia vifuani mwa Simba na Yanga kwa pamoja. Julai mwaka huo Everton walikuja Dar es Salaam wakiwa na jina hilo hilo kwenye jezi, na Wayne Rooney akawafunga Gor Mahia. Mwaka 2022 Simba ilitia saini na M-Bet mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 26.1. Jina la Wasafi, alilolijenga Diamond Platnumz kwa muziki, nalo limebandikwa kwenye kampuni ya kubeti, Wasafi Bet.

Tutaambiwa kwamba biashara hii ina leseni, inalipa kodi, na klabu zinahitaji fedha. Yote matatu ni kweli. Lakini mabilioni hayo yamevuliwa bahari gani? Kampuni ya kubeti haina shamba wala kiwanda. Pato lake ni kile wanachopoteza wanaobeti, baada ya washindi wachache kulipwa. Basi malipo ya nyota hutoka mfukoni mwa shabiki yule yule aliyemwamini. Leseni hutuambia lipi halina adhabu mahakamani. Haituambii lipi linampendeza Mungu.

Sisi Walutheri tumefundishwa amri ya saba tangu darasa la kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo, Luther haishii kwa mwizi wa usiku. Anamtia humo pia anayejipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na hila, kisha anatudai tumsaidie jirani kuilinda riziki yake. Nyota anayemshawishi mvuvi kijana aweke pato la usiku mzima baharini kwenye mkeka, amesimama upande gani wa amri hiyo?

Wengine husema kila mtu ana hiari yake. Kampuni ingekuwa inaiachia hiari hiyo, isingelipa mabilioni kuisukuma. Tena jina la nyota si mali yake peke yake. Tumelijenga sisi, kwa viingilio vyetu na makofi yetu. Jina hilo ni amana, na aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuiuza.

Wenzetu wameanza kuamka. Mwaka 2019 bodi inayosimamia kamari Kenya ilitangaza kuwapiga marufuku watu mashuhuri kuitangaza. Mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuyaondoa majina ya kampuni za kamari vifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Hapa Pemba, jirani zetu Waislamu hawakungoja waraka. Dini yao inaikataza kamari tangu mwanzo. Kanisa likinyamaza kwa sababu sisi ni wachache, litakuwa limeogopa bure.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mashindano ya vijana wa usharika yasipokee jezi wala kombe la kampuni ya kubeti, hata kama tutacheza na fulana za mitumba. Wazazi wawaeleze watoto kwamba bao la mchezaji ni la kushangiliwa, tangazo lake ni la kukataliwa. Na ninyi wachezaji na wasanii mlio Wakristo, mkiletewa mkataba, jiulizeni kabla ya kutia saini kama mngependa mdogo wenu wa tumbo moja aufuate ushauri mnaoutangaza. Mkiona hapana, basi watoto wa wenzenu nao wanastahili hapana hiyo.