Sheria ipo, lakini mgonjwa wa akili angali anasafirishwa hadi Mathari

MGONJWA wa akili anayeruhusiwa kuondoka katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na kurejea kwao Turkana au Tana River, hupewa dawa na tarehe ya kurudi. Dawa zikiisha, huenda asizipate katika zahanati ya kijijini, na nauli ya kwenda jijini ni mzigo kwa jamaa zake. Ugonjwa unapomrudia, familia au polisi humleta tena Mathari, mara nyingi akiwa katika hali mbaya kuliko awali.

Mzunguko huu haukuanza jana. Serikali ya kikoloni ilifungua Mathari mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui. Zaidi ya karne moja baadaye, ingali hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili nchini. Humo pia hupelekwa washukiwa wa uhalifu ambao mahakama imeagiza wapimwe akili. Mnamo Mei 2013, wagonjwa 40 walipotoroka, taifa lilishtuka kwa siku chache, kisha likasahau.

Si kwamba mipango imekosekana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilifichua mwaka wa 2011 jinsi sekta hii ilivyotelekezwa. Ikafuata sera ya 2015 hadi 2030. Mnamo 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Miaka miwili baadaye, sheria ya 1989 ilifanyiwa marekebisho na serikali za kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi mashinani.

Hapo ndipo penye kizingiti. Tangu ugatuzi uanze 2013, fedha za afya hugawanywa katika mabunge ya kaunti, ambako jengo jipya lina watetezi wengi kuliko dawa za mwaka mzima. Gavana hawezi kukata utepe mbele ya tembe! Aidha, muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili akipangiwa kazi katika wadi ya kujifungulia kwa sababu ya uhaba wa wafanyakazi, ujuzi wake hupotea bure. Kuwalipa wauguzi kama hao na kuhakikisha dawa za kimsingi hazikosekani si ghali kama kujenga Mathari nyingine, lakini kunahitaji kutengewa fedha kila mwaka, iwe ni mwaka wa uchaguzi au la.

Suala hili limekuwa la dharura zaidi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Anayeokolewa sasa ni mgonjwa, si mfungwa. Akifikishwa usiku katika hospitali ya kaunti isiyo na mhudumu wa afya ya akili, atapokewa na nani?