Mwenye Gari, Chagua Kamera Inayojiwasha

Ndugu zangu wenye magari, nawaandikia ninyi mnaotaka kufunga kamera kwenye kioo cha mbele, na hasa mnaomkabidhi gari dereva wa kuajiriwa: daladala, teksi, gari la shule, Fuso la mizigo. Kabla hamjauliza picha yake ni kali kiasi gani, ulizeni kwanza hili: nikiwasha gari, inaanza kurekodi yenyewe au inasubiri mtu abonyeze?

Dereva wa alfajiri ana mengi. Anakagua matairi, anamsubiri kondakta, abiria wa kwanza wameshaanza kunung'unika. Siku za mwanzo atabonyeza. Baadaye atasahau, na ajali haipigi hodi ili akumbuke kitufe.

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, kimondo kililipuka angani karibu na mji wa Chelyabinsk, Urusi, na watu zaidi ya 1,000 wakaumia, wengi kwa vioo vya madirisha vilivyopasuka. Dunia ililiona tukio lile kwa sababu magari mengi ya Urusi yalikuwa na kamera za dashibodi, zikirekodi safari za kawaida za kwenda kazini. Hakuna dereva aliyekuwa amejiandaa. Wanasayansi walizitumia video hizo kukokotoa njia ya kimondo kile.

Kwetu mambo ni ya karibu zaidi. Chukulia lori na bodaboda zimegongana usiku. Dereva wa lori yupo, anajieleza. Mwenye pikipiki amekimbizwa hospitali, pengine hatasema tena. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni waenda kwa miguu na waendesha baiskeli na pikipiki. Hao hawana dashibodi ya kufungia chochote. Kamera ya gari lililokuwa nyuma yao ndiyo inayoweza kuwasemea, na ndiyo maana suala hili naliona ni letu sote.

Basi ukifika dukani usiridhike na maandishi ya kwenye boksi. Mwombe muuzaji aweke memori kadi, achomeke waya kwenye umeme, kisha asiguse kitu. Baada ya sekunde chache alama nyekundu itokee kwenye skrini na muda uanze kuhesabika. Nyingine zina uwezo huo lakini umezimwa kwenye menyu. Uwashwe mbele yako. Iache irekodi kama dakika moja, halafu chomoa waya ghafla, maana gari likigongwa umeme unaweza kukatika hivyohivyo. Chomeka tena, ufungue kipande cha mwisho. Kamera nzuri itakuwa imekihifadhi, kwa sababu ndani ina kapasita au betri ndogo ya kuipa nguvu ya kumalizia kazi. Kwa jua letu ningechukua yenye kapasita. Betri ya lithiamu ikishinda nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani huweza kuvimba.

Kwenye kufunga, mtafute fundi umeme wa magari. Kuna magari ambayo tundu la kuwashia sigara hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa, kamera ikakesha na betri ya gari ikaisha. Aunge kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ikiwashwa tu. Mwenye lori la volti 24 ahakikishe waya wake unaikubali volti hiyo.

Tena kuna matuta na rasta zetu. Kamera hizi hurekodi vipande vya dakika chache, na kadi ikijaa hufuta vya zamani. Kihisi cha mtikisiko hukifunga kipande cha wakati wa ajali kisifutwe. Kikiwekwa kikali mno, kila tuta huonekana ajali, kadi hujaa vipande vilivyofungwa, na siku ya shida nafasi inakosekana. Kiweke kwenye kiwango cha chini, na usahihishe tarehe na saa ya kamera.

Wenye magari ya abiria, zimeni kurekodi sauti na mbandike tangazo kwamba kuna kamera, maana faragha ya watu inalindwa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha ya maiti au majeruhi si ya kurushwa WhatsApp.

Na ukipita penye ajali ambayo kamera yako imeiona, usiondoke nayo kimya. Chomoa waya ili kipande kisifutwe, kitunze bila kukikata, mfuate askari wa usalama barabarani umwambie unacho, hata kama aliyeumia humjui na hata kama mwenye kosa ni dereva wako.