Maskini Mwenye Wapangaji

NONGWA ZA WIKI, na Bi Nongwa

Sina ugomvi na mtu anayesafiri. Nalisema mapema ili yule msomaji wangu wa Tanga, ambaye kila Jumatatu huniandikia kwamba nina wivu, apumzishe kalamu walau wiki hii. Mtu akitaka kuzunguka dunia na begi mgongoni, ndala miguuni na mwenza wake ubavuni, azunguke mpaka achoke. Ugomvi wangu ni na mwenye nazo anayejitia hana, na ugomvi mkubwa zaidi ni na sisi tunaomwamini.

Nilikuwa naenda Iringa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Basi la asubuhi, stendi ya Magufuli, Mbezi. Siti yangu ya dirishani nimeikata mapema, chupa ya chai ninayo (nayo inavuja). Mbele yangu amekaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliyemfunga kwa kanga. Tulishasalimiana na kupeana habari. Siti ya mbele aliichagua makusudi, akaniambia, kwa sababu mtoto wake gari likianza kupinda anatapika, na aliyewahi kupanda mlima Kitonga anajua gari linavyopinda.

Tumebakiza dakika chache kuondoka, wakaingia. Mwanamume na mwanamke, Wazungu, umri wao thelathini na kitu, kila mmoja na begi mgongoni lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na begi jingine dogo kifuani. Wamevaa zile suruali za kitambaa chepesi zenye picha za tembo, zinazouzwa Thailand kwa kila anayepita. Tiketi hawana. Mpiga debe aliyewaleta akawatajia nauli. Mwanamume akacheka, akatikisa kichwa, akataja nusu yake.

Ngoja tuelewane hapa. Wapiga debe wa Mbezi siwatetei, na wasomaji wa zamani mnajua nilichowaandika mwaka ule waliponibebea mzigo mpaka kwenye basi la Arusha. Huyu angewaongezea bei, ningekuwa wa kwanza kupiga kelele. Lakini nilisikia kwa masikio yangu mawili: alitaja nauli ile ile niliyolipa mimi. Na nauli ya basi la mkoani haipangwi na konda wala mpiga debe. Wanaoipanga ni LATRA, na mtu haiombi punguzo kama anavyoliomba kwenye nyanya.

Mwanamke akatoa simu, akajirekodi. Kwa Kiingereza, na kwa sauti ya mtu aliyeizoea kazi hiyo, akawaambia wanaomfuatilia kwamba huku Afrika kila kitu kina maelewano, usikubali bei ya kwanza. Basi zima linasubiri somo liishe. Dereva amewasha injini, anapiga honi. Konda akaona bora yaishe, wakapunguziwa. Pengo la hela ile sijui alilizibaje kwa tajiri yake, na hakuna aliyemuuliza.

Halafu konda yule yule akamwinamia mama mwenye mtoto. "Mama, samahani, tuwapishe wageni hapa mbele, hawajazoea safari zetu. Huko nyuma kuna nafasi nzuri tu."

Nafasi nzuri yenyewe ni ile ya juu ya tairi.

Mama akainuka. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akachukua mfuko wake, akachukua kichupa cha uji, akamkaza mtoto kifuani. Nikasema mimi: "Konda, huyu ana tiketi yenye namba ya siti. Hawa wana nini?" Konda akajifanya anahesabu abiria. Nilijibiwa na basi. Baba mmoja mwenye koti, wa siti za katikati, akasema, "Bi mkubwa, acha roho mbaya. Mgeni njoo mwenyeji apone." Mwingine akadakia kwamba watalii ndio wanaotuletea dola. Dola! Watu wametoka kupunguziwa nauli ya basi mbele ya macho yake, na macho yenyewe ameyatoa kabisa!

Aliyeniponya ni kijana mmoja wa chuo aliyekuwa pembeni yangu, ambaye tangu tupande hakuwa ametamka neno. Alichomoa waya masikioni, akampisha mama, akaenda mwenyewe juu ya tairi. Hakuna aliyemrekodi.

Tulipoingia Mikumi wale wawili wakasimama na simu zao. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, kwa hiyo abiria yeyote anaona swala na twiga bila kulipa kiingilio, na siku ukibahatika unaona tembo. Kwa wenzetu wa bajeti ile ilikuwa Idi. Mwanamke alifurahi mpaka akageuka nyuma kutafuta wa kumsimulia, akanikuta mimi. Akaniita rafiki.

Nami nikauliza, maana kuuliza ndiko kunakonilisha. Wako njiani zaidi ya mwaka. Walianzia Uturuki, wakaingia Georgia, kisha India, Nepal, Thailand, Vietnam, wakaruka mpaka Nairobi, wakashuka Arusha, wakaenda Zanzibar. Sasa wanakwenda kuvukia Tunduma, waone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, wapite Namibia, wamalizie Cape Town. Safari nzuri, na sikatai kwamba niliisikiliza kwa raha. Wanatumia dola 25 kwa siku, wote wawili pamoja, kula na kulala. Akalisema hilo kwa fahari niliyokuwa nimezoea kuisikia kwa watu wanaotaja bei ya gari. Kisha akaongeza, mkono kifuani: "Sisi hatuna hela kabisa."

Nikamuuliza kwa upole, maana chai nilikuwa nimeshammiminia: sasa mwaka mzima bila kazi mnaishije? Akajibu bila kupepesa jicho. Nyumba yao huko kwao wameipangisha. Kodi inaingia kila mwezi.

Mimi ni mpangaji, wapenzi wasomaji. Mwenye nyumba wangu wa Tabata mnamfahamu, na mabaya yake yote nimeshayamaliza kwenye safu hii, kuanzia luku mpaka lile tangi la maji. Lakini nimtendee haki mzee wa watu: hajawahi kusimama mbele ya mpangaji wake akasema yeye maskini.

Ruaha Mbuyuni basi likasimama watu wachimbe dawa. Wauzaji wakalizingira, vitunguu vinaninginizwa madirishani, karanga, ndizi. Binti mmoja, kwa makisio yangu miaka kumi na minne, beseni la ndizi kichwani, akaja upande wa wageni. Chana moja shilingi 1,000. Mwanamume akasema 500. Binti akasema hapana, akashuka mpaka 700. Wakakubaliana 700. Akapokea ndizi, akaanza kupekua mifuko. Akapekua wa suruali, akapekua wa begi la kifuani, akarudia wa suruali. Basi likaanza kutembea. Binti anakimbia sambamba nalo, mkono mmoja umeshika beseni, mwingine uko hewani. Mwanamume akadondosha sarafu ya 500, akainua mabega kuonyesha ndiyo aliyonayo.

Unadhani basi lilifanya nini? Lilicheka. Yule baba mwenye koti alicheka kuliko wote. "Mzungu mjanja huyu!" Mswahili mwenzetu angemfanyia binti yule vile, tungemsema mpaka Makambako na mama mmoja angemlaani. Lakini kadhulumu mgeni, ikawa kichekesho. Shilingi 200 ni ndogo, najua, msomaji wa Tanga usiniandikie. Ni ndogo kwake. Ndiyo maana nashangaa kwa nini aliihitaji.

Na Kitonga mtoto alitapika kama mama yake alivyoahidi. Alinitapikia mimi, kwenye kitenge cha harusi.

Mchezo huu wa kusafiri kimaskini una wazee wake. Mwaka 1972 mume na mke, Tony na Maureen Wheeler, waliondoka London na gari bovu, wakakatiza Asia mpaka Australia, wakafika Sydney wamebakiwa na senti 27. Mwaka uliofuata wakaandika kijitabu cha kuwaelekeza wengine namna ya kupita njia ile kwa bei chee, na kijitabu kikawa kampuni, Lonely Planet. BBC waliinunua kwa mafungu mawili, 2007 na 2011, kwa zaidi ya pauni milioni 130. Siwalaumu wale wawili, walifanya kazi na waliandika. Ninaowalaumu ni wajukuu zao wa njiani, walioshika senti 27 wakaiacha kazi. Kwao kuishiwa ni cheo. Anayelala pabaya zaidi na kulipa kidogo zaidi ndiye msafiri wa kweli, na anayelipa bei aliyotajiwa ni mtalii mjinga. Mashindano hayo gharama yake inalipwa na mwenye ndizi.

Nchi nyingine zimeshashtuka. Thailand, ambako suruali za tembo zinatoka, ofisa wa uhamiaji anaweza kumwambia mgeni pale pale uwanja wa ndege amwonyeshe baht 20,000, na mgeni anaonyesha, hakuna kulala kule kwa jina la umaskini. Zanzibar nao tangu Oktoba 2024 wanamtaka kila mgeni wa kutoka nje alipe bima ya dola 44. Nilimuuliza yule rafiki yangu wa basini kama aliilipa. Aliilipa. Nikamuuliza kama alijaribu kuomba punguzo. Akacheka, akasema ile ni ya serikali, haiombwi punguzo. Kumbe anajua kuna bei zisizoombwa punguzo! Anajua vizuri sana. Wanachochagua yeye na mwenzake ni nani wa kumwomba punguzo: ofisa mwenye mhuri, hapana; binti mwenye beseni, ndiyo.

Sasa mniruhusu nimlete bibi harusi. Huyu mtoto wa dada yangu ni mhasibu, mumewe ana duka la vipuri vya pikipiki Iringa mjini. Waliweka akiba ili waende fungate Ulaya, nchi moja ambayo sitaitaja. Wiki mbili tu, na hoteli za kulipia. Kila mmoja alikuwa na pasipoti mpya aliyoikata kwa shilingi 150,000. Wakaomba viza, wakapeleka taarifa za benki. Wakapeleka barua ya mwajiri, leseni ya duka, oda ya hoteli ya kila usiku watakaolala, oda ya ndege ya kwenda na, muhimu kuliko zote, ya kurudi. Wakakata bima ya safari inayofika euro 30,000, maana bila hiyo maombi hayapokelewi. Kijana alipeleka hadi picha za duka, nje na ndani, ili aaminike kwamba lipo. Siku zote zile hakuna hata dakika moja waliyoruhusiwa kusema hawana hela. Wangelitamka hilo kwenye dirisha la viza, mlinzi angewaonyesha mlango. Walichotakiwa ni kuthibitisha, kwa nakala na mihuri, kwamba si maskini.

Wakakataliwa. Barua ilisema kuna shaka kuhusu nia yao ya kurudi nyumbani. Fungate wamekwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na wameniambia maji ni safi.

Turudi kwenye basi. Nimeitafuta sababu ya basi zima kuwatetea wale wawili, na sioni nyingine: sisi mgeni akiwa Mzungu hatumpimi, na akiwa Mkongo au Mrundi tunamwomba kitambulisho. Tena siku chache kabla, nimeona konda wa daladala akimshusha kijana wa Kigoma kwa kupungukiwa shilingi 100. Hakuna aliyesema mgeni njoo. Tungekuwa na ukarimu, ungeonekana na siku hiyo.

Kwa hiyo makonda mnaonisoma, na najua mnanisoma kwa sababu mnanitukana stendi: tiketi ina namba ya siti. Aliyeikata ndiye anayeikalia. Mgeni asiyezoea safari zetu atazoea juu ya tairi, ndiko tulikozoelea sote. Na wewe baba mwenye koti, ukiwa na shilingi 200, kuna binti Ruaha Mbuyuni anadai.

Nimalizie na hesabu, wasije wakasema Bi Nongwa anaandika kwa hasira tu. Wale wawili, kwa dola 25 zao za kwa siku, wiki nzima ya kula na kulala inawagharimu dola 175. Maombi ya viza ya Ulaya, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima. Mpwa wangu na mumewe wamelipa euro 180, na hawajavuka hata Tunduma. Ukikataliwa, ada hairudishwi.