Udogo wa bwawa usitupumbaze

USIKU wa Mei 9, 2018, tuta la bwawa la udongo lilibomoka katika shamba la mtu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Maji na matope yaliteremka kwa kasi hadi kwenye makazi yaliyokuwa bondeni, na watu wasiopungua 47 wakapoteza maisha. Lilikuwa bwawa la shambani tu, wala halikufua umeme. Baada ya maafa hayo, mamlaka ya maji ya Kenya ilieleza kwamba halikuwa na kibali.

Tukio hilo halipaswi kuonekana kuwa la majirani peke yao. Bonde la Ufa linalopita Nakuru ndilo linaloendelea hadi wilaya za Karatu na Ngorongoro mkoani Arusha. Maji yanayotoka katika misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro huteremka kuelekea mashamba ya kahawa ya Karatu. Upande wa kaskazini, kijiji cha Engaresero kipo chini ya kingo za bonde hilo, kati ya Mlima Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, katika eneo kame la wafugaji. Mahali kama hapo lambo ni uhai wa mifugo, na anayelichimba anastahili pongezi.

Hata hivyo, pongezi hizo haziondoi haja ya kupima hatari. Wataalamu hutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni hali ya bwawa, yaani kama tuta ni imara au lina nyufa. La pili ni daraja la hatari, yaani madhara yatakayotokea iwapo tuta litabomoka. Bwawa imara lililo juu ya kitongoji linaweza kuwekwa katika daraja la juu, ilhali bwawa chakavu lililo porini likawa katika daraja la chini.

Kutokana na tofauti hiyo, daraja hubadilika hata kama mmiliki hajaongeza tuta kwa koleo moja la udongo. Inatosha viwanja vigawiwe bondeni, shule ijengwe au kambi ya watalii ifunguliwe kando ya korongo. Nchini Marekani, bwawa la udongo la Kelly Barnes, mali ya chuo cha Biblia huko Toccoa, jimbo la Georgia, lilibomoka Novemba 6, 1977 na kuua watu 39. Waliokufa walikuwa wakiishi chini yake.

Tanzania haiwezi kusema haina sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2013. Karatu na Engaresero zimo katika eneo la Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao yake Singida. Kwa umbali huo, ni vigumu kutarajia mhandisi wa bodi aone kila tuta. Anayeliona kila siku ni mmiliki, na anayejua nani amejenga bondeni ni serikali ya kijiji.

Kwa hiyo, kugawa ardhi iliyo chini ya bwawa kusifanyike kabla bodi haijaarifiwa na daraja la bwawa kupitiwa upya. Mmiliki naye ana wajibu usio na gharama kubwa: kung'oa miti inayoota juu ya tuta kabla haijakomaa, kuzuia mifugo isilikanyage, kufukia mashimo ya wanyama na, zaidi ya yote, kuacha wazi njia ya maji ya ziada. Maji yakianza kupita juu ya tuta la udongo, hulila kwa muda mfupi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa, ufa ni wa mmiliki, lakini maji yakishatoka hayaulizi mpaka wa shamba. Ndiyo maana wanaoishi bondeni wana haki ya kujua daraja la bwawa lililo juu yao kabla ya mvua za masika.